Mkataba Mdogo wa Cedric

San Diego, 3 Machi

Ced, mwehu wewe,

Usiucheke mwandiko wangu. Tangu tumalize shule sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu kwenye jezi za watoto. Lakini wewe mwenyewe uliona yaliyompata yule jamaa wa Tampa mwaka jana. Watu wa ligi walimjia na mwanasheria, wakabeba simu yake, wakasoma mpaka ujumbe aliomtumia mama mkwe wake. Kisa chenyewe? Alimwambia rafiki yake wa timu nyingine, "njoo tucheze wote," kabla ya siku ya soko, mikataba ikiwa bado haijaisha na mchezaji hajawa huru kusaini kwingine. Klabu iliyokuwa inamtaka huyo rafiki ikapigwa faini na kukatazwa kumchukua. Kwa hiyo kuanzia leo mambo ya mkataba ni kwenye karatasi. Kwenye simu tuzungumzie hali ya hewa na unavyokosa mitupo huru.

Na hata hapa tusitaje vitu kwa majina yake. Kusaini tuite kula. Mkataba ni sahani. Mpishi ni bosi wa klabu, wangu au wako. Ukilisahau hilo, kamuulize Mama Odessa alivyokuwa anatuwekea samaki na mkate mezani na kusema hakuna wa kugusa mpaka wote wawili tumenawa na kukaa. Wewe ulikuwa unaiba ngozi ya samaki nikiwa bado bafuni. Nilikuwa nakuona.

Sasa sikia. Hapa wameniwekea sahani. Miaka minne zaidi, imejaa mpaka inamwagika. Wakala wangu anasema nile leo kabla mpishi hajabadili mawazo. Anasema mtu wa miaka ishirini na tisa mwenye goti lililopasuliwa hana biashara ya kwenda sokoni. Na wewe najua umewekewa ya kwako huko nyumbani, maana magazeti yote yanaandika.

Mimi nasema tukatae wote wawili. Mchezaji anayeongeza mkataba mapema anajiuza kwa bei aliyopangiwa na mwenye duka. Tukifika sokoni tukiwa huru, siku moja, saa moja, hakuna klabu itakayotaka mmoja bila mwingine. Na klabu tunayoitaka tunaijua. Miaka minane nimecheza kikapu mbali na nyumbani, Ced. Nimechoka kuona bahari. Nataka kukuona wewe upande wa kushoto ukiniitisha mpira kwa makelele, na Mama yuko kiti cha mbele anamtukana refa.

Lakini nikikataa sahani hii, siwekewi tena. Kwa hiyo nataka neno lako. Sili mpaka wewe umekaa. Na wewe?

Lavell


Louisville, 19 Machi

Ndugu yangu Lavell,

Barua yako imefika ikiwa na doa la kahawa, na Mama amesema huo mwandiko ni wa kuku aliyefukuzwa. Anakusalimu. Anasema goti ulikande kwa maji ya moto, na uache kupiga picha bila shati, watoto wa kanisani wanaona.

Hali yake ni ile ile. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi yuko kwenye mashine wanamsafisha damu. Timu ikiwa nyumbani nampeleka mwenyewe, nakaa naye mpaka amalize, tunagombana kuhusu vipindi vya televisheni. Tukiwa safarini jirani yetu Bi. Hattie anamchukua, lakini nikirudi Mama huwa hanisemeshi kwa saa nzima. Unajua kwa nini nakuambia hivi. Mimi siwezi kuhama mji huu, Lavell. Mwingine akiingia sokoni anatafuta bei. Mimi nikiingia sokoni natafuta kubaki pale pale nilipo, na hilo linaninyima usingizi.

Juzi nilikuwa najaza mafuta pale Broadway. Mzee mmoja akashuka kwenye gari lake akanishika mkono akakataa kuuachia. "Cedric, saini bwana, mimi na moyo wangu mbovu tutakufa." Nikamwambia tulia mzee. Akasema, "Siwezi kutulia, nimeshakata tiketi za msimu mzima."

Na mpishi wetu, Bwana Prewitt, ananiita kila wiki. Ananikalisha, ananiuliza hali ya Mama, anakumbuka mpaka jina la daktari wake. Sijui kama ni utu au ni kazi. Labda yeye mwenyewe hajui.

Haya. Umeniomba neno. Nimetembea mpaka Shawnee Park, pale kwenye uwanja wetu wa zamani, nikakaa nikafikiri. Nikikataa, naweza kupoteza nyumbani. Nikikubali peke yangu, nakupoteza wewe. Basi chukua neno langu: sili, sionji, wala sinusi mpaka wewe umekaa.

Ced

Ile ngozi ya samaki ulikuwa unaniachia makusudi. Usijifanye.


San Diego, 5 Mei

Ced,

Imekwisha. Nimekataa.

Nilimwambia bosi uso kwa uso, maana Mama alitulea hivyo. Hakuniuliza kwa nini. Alifunga kalamu yake akasema, "Basi tunakutakia kila la heri," kwa sauti ile wanayotumia kumuaga mtu wa kurekebisha bomba. Kesho yake picha yangu kubwa iliyokuwa mlangoni mwa uwanja ikashushwa. Na mechi ya mwisho ya mtoano, ile uliyoiona, nilizomewa. Na watu wangu, Ced! Mama mmoja mwenye jezi yangu aliivua akaitupa uwanjani, akabaki na fulana.

Goti limevimba. Usimwambie mtu, na Mama usimwambie kabisa. Daktari anasema ni maji tu, lakini wakala wangu alipoiona ile picha ya goti alikaa kimya, na huyu mtu hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe. Baadaye akasema, "Lavell, ule mkataba ulikuwa bima yako."

Nimemwambia mimi bima yangu ninayo, iko Louisville, ina futi sita na inchi saba na haiwezi kutupa mpira wa pointi tatu.

Sikufichi, naogopa. Kila mchezaji anajifanya siku ya soko ni sherehe, simu zinalia, kila mtu anakutaka. Wengine simu hailii. Niandikie mistari miwili tu. Niambie tena.

Lavell


Louisville, 13 Juni

Ndugu yangu,

Redio itakufikia kabla ya barua hii, najua, na nimekupigia simu mara nyingi leo asubuhi hupokei.

Nimeonja. Kidogo sana. Nimekubakizia.

Siwezi kuandika zaidi. Nimeapishwa. Ningeweza ningekuja huko kwa miguu. Usisikilize wanachosema kwenye televisheni, na tafadhali usiende kula mahali pengine kwa hasira. Siku ya soko si mbali. Kaa tu. Kilichobaki ni chako.

Mama anakusalimu.

Ced


San Diego, 20 Juni

Cedric,

Unajua nilikuwa wapi nilipoambiwa? Kwa kinyozi. Nimepakwa povu nusu ya uso. Televisheni ikasema, "Cedric Yancey aongeza mkataba, abaki Louisville," na kinyozi akasema, "Huyu si ndiye rafiki yako?" Nikasema ndiye. Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia ndiyo, nilijua, tulishazungumza. Nimekusemea uongo mbele ya watu sita nikiwa na povu usoni, nikusitiri wewe uliyenivua nguo.

Nilingoja barua. Nikasema Ced hawezi, lazima kuna jambo. Barua imekuja. "Nimeonja kidogo. Nimekubakizia." Umenibakizia! Umenibakizia makombo, Cedric? Unakula umeshiba, unajifuta mdomo, halafu unaniambia kilichobaki ni changu? Ningeona afadhali ungeandika "samahani, niliogopa." Hilo ningelielewa. Hata mimi naogopa. Lakini wewe umenifanyia na mzaha juu yake, tena kwa maneno yetu wenyewe.

Eti umeapishwa. Nani alikuapisha mwezi wa tatu, uliponipa neno lako? Au kiapo cha Prewitt ndicho kizito, changu mimi cha kufungia maandazi?

Nilikuwa na sahani, Ced. Imejaa. Niliisukuma kwa mkono wangu kwa sababu uliniambia huli. Sasa bosi wa hapa ameshamchukua mtu mwingine, na klabu mbili zilizokuwa zinaniulizia zimeomba kuliona goti kwanza. Umeniacha kwenye mataa. Wewe una nyumbani, una Mama, una mkataba. Mimi nina begi.

Nilipokuja kwenu nikiwa na miaka kumi na moja, bibi amezikwa juzi, wewe ulinipa nusu ya kitanda bila kuambiwa na mtu. Maisha yangu yote nimemwamini mtoto yule. Sijui alikufa lini.

Nimekufungia simu. Usinipigie.

Lavell


Louisville, 25 Juni

Lavell,

Nimesoma. Nimesoma tena nikiwa nimekaa kliniki na Mama, nikalazimika kutoka nje, nikamwambia nakwenda kununua maji.

Makombo? Mungu wangu, ndivyo ulivyosoma?

Sikiliza, ndugu yangu, nakuomba kwa jina la bibi yako. Kuna mambo nikiyaandika kabla ya tarehe thelathini, wewe ndiye utakayeumia, si mimi. Nimeambiwa wazi. Ndiyo maana nimekuwa bubu. Nimefungwa mdomo kwa ajili yako na wewe unadhani nimefungwa kwa kushiba.

Tarehe thelathini saa kumi na mbili jioni simu ya klabu ya nyumbani itakulilia. Pokea. Hilo tu. Pokea, usiseme hapana, na baada ya hapo unipige ngumi mbele ya watu ukitaka, nitakushikia mashavu.

Mama haelewi kwa nini siimbi kanisani.

Ced


Buffalo, 9 Julai

Ndugu yangu Lavell,

Usishangae anwani. Au labda hushangai, redio imeshasema.

Sasa siku ya soko imepita, kiapo kimekwisha, naweza kusema kila kitu kwa majina yake. Nilie kwanza au nicheke, sijui.

Mwezi wa sita Prewitt aliniita. Akaniambia, Cedric, najua wewe na Lavell mnataka kwenda sokoni pamoja, mji mzima unajua. Akachora kwenye ubao. Kila klabu ina kikomo cha mishahara. Nikiingia sokoni, ligi inaihesabia klabu mshahara mkubwa kwa jina langu tu hata kabla sijasaini, na nafasi yako haipatikani. Lakini nikiongeza mkataba mapema, kwa kiasi kidogo, nafasi yako inabaki. Nikamuuliza, kidogo kiasi gani? Akanionyesha. Wakala wangu aliinuka akatoka chumbani. Nikasaini. Prewitt akasema nikikuambia neno lolote kuhusu hilo kabla ya tarehe thelathini, ligi ikajua, klabu inapigwa faini na kukatazwa kukuchukua wewe. Ndiyo maana nikaandika kama mpumbavu, "nimeonja, nimekubakizia." Nilikuwa namaanisha hivyo hivyo. Nilikula kidogo ili wewe ule.

Halafu tarehe thelathini nikangoja. Saa mbili usiku wakatangaza: Lavell Tandy arudi nyumbani. Mama alipiga vigelegele mpaka Bi. Hattie akagonga ukuta. Tukakaanga samaki usiku ule ule. Niliketi nikangoja simu yako, nikasema bado amenifungia, kesho atafungua.

Kesho yake nilikuwa kliniki. Mama yuko kwenye mashine, televisheni iko ukutani, na muuguzi mmoja akasema, "Jamani." Nikatazama juu nikaona picha yangu. Wameniuza Buffalo kwa haki ya kuchagua vijana wawili wapya wa misimu ijayo, wasiojulikana hata watakuwa nani. Mama alikuwa amefungwa mirija mkononi, hawezi kuinuka. Akaniangalia mimi, akaiangalia televisheni, akasema, "Hao wanasema wewe?"

Na hapa ndipo akili ilipo, sikiliza. Kanuni inasema mchezaji akiongeza mkataba mnono, klabu hairuhusiwi kumuuza kwa miezi sita. Wakala wangu alinieleza huku anapiga meza. Akiongeza mkataba mdogo, wanaweza kumuuza kesho asubuhi. Ningekula sahani yote niliyowekewa mwanzo, wasingeweza kunigusa. Nilijiuza mwenyewe kwa kujipunguzia.

Prewitt ametuchezea wote wawili, Lavell. Ametumia mapenzi yangu kwako kunipunguza mimi, na kupungua kwangu kukuleta wewe. Simlaumu mtu mwingine. Najua hukujua. Nakujua tangu una miaka kumi na moja, ungejua ungegoma mlangoni.

Nina ombi moja tu. Huku wananitaka mazoezini mara moja, na sijapata kliniki ya Mama. Nifanyie hisani, mpeleke Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anapenda dirisha la gari liwe wazi kidogo. Usimkubalie anunue soda.

Ced


Louisville, 22 Julai

Cedric,

Nimechukua muda kujibu kwa sababu ya sentensi moja. "Najua hukujua."

Nilijaribu kuandika barua nyingine. Ilikuwa inahusu nyumba, na joto la mji huu, na mzee mmoja wa kituo cha mafuta pale Broadway aliyekataa kunipa mkono. Nimeichana.

Tarehe thelathini Prewitt alipiga kama ulivyosema. Nilipokea. Akaniambia mambo yalivyo. Mwenye klabu amekataa kulipa kodi ambayo ligi inatoza klabu ikipita kikomo cha mishahara, na hata kwa mkataba mdogo wa Cedric bado nafasi haitoshi kwa ninachotaka mimi. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza, na mimi nipunguze kama wewe ulivyopunguza, tubaki wote. Ya pili, nipate changu kamili, na wewe uondoke.

Nilimuuliza kwa nini ulipunguza. Akasema, "Kwa ajili yako." Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya bosi anayetaka mtu asaini kwa bei ndogo. Ndivyo wanavyosema wote, eti mwenzako amejitolea, na wewe jitolee. Nilikuwa na ile barua yako mfukoni. "Nimekubakizia." Nilikuwa nimelala wiki mbili na neno hilo kifuani. Goti langu limekaguliwa na madaktari wa klabu nne kama punda wa mnadani. Na bosi ananiambia nipunguze tena.

Nikamwambia, "Mimi sipunguzi. Huyo fanyeni mnavyotaka."

Ndivyo nilivyosema. Aliniuliza kama nina uhakika, maana uamuzi ukishafanyika haurudi. Nikasema ninao. Nilitaka uonje ulivyonionjesha. Nilitaka usikie kwenye televisheni, mahali penye watu.

Nilisaini jioni ile ile, na sikuwa na furaha, na sikuwa na majuto. Majuto yamekuja na barua yako ya Buffalo. Niliisoma nimesimama jikoni. Sikujua kama ningeweza kujichukia kiasi hiki.

Lakini usinifanye mimi peke yangu shetani, Ced. Ungeniambia. Kiapo gani hicho? Ungekuja kwa miguu kama ulivyosema. Ungempa Bi. Hattie ujumbe. Tulikubaliana hakuna anayekula peke yake, na wewe ulikaa na Prewitt ukapanga maisha yangu kwenye ubao bila mimi. Ulinitendea wema kama mtoto, bila kuniuliza. Kama ni kuukataa wema wako, ungeniuliza kwanza, nikaukataa mbele yako.

Kuhusu Mama. Jumanne nilikwenda mpaka mtaani kwenu. Niliegesha gari kona ile ya kanisa. Nilimwona ametoka kibarazani na mkoba wake, anatazama barabara huku na huku. Sikuweza kushuka. Angeniuliza tu, "Mwanangu, ilikuwaje?" na ningemjibu nini? Bi. Hattie ndiye aliyemchukua.

Niambie nifanye nini. Nimemwambia Prewitt akurudishe. Amecheka.

Lavell


Louisville, 16 Agosti

Kwa mwanangu Lavell,

Ni mimi Odessa Yancey. Naandika herufi kubwa kwa sababu macho yameanza kunicheza. Barua hii naiacha kwa mlinzi wa uwanja, maana anwani yako mpya sina na Cedric anasema ameipoteza. Huyu mtoto hajawahi kupoteza kitu tangu azaliwe.

Nimefurahi umerudi nyumbani. Nilikuwa namwomba Mungu awarudishe wote wawili, kumbe nilipaswa kutaja na tarehe. Haidhuru. Ninyi mmechagua kazi ya kuuzwauzwa, na mimi nimewalisha mkafika huko, nimlaumu nani?

Sasa mwanangu, kwa nini huji? Nimekungoja. Kila gari refu jeusi likipita navaa kofia. Cedric ananiambia una mazoezi, mazoezi, mazoezi. Mazoezi gani yasiyo na Jumapili? Kama kuna msichana wa San Diego aliyekukataza, mlete nimwone.

Cedric ananihamishia Buffalo. Amepata kliniki. Mimi sitaki. Nyumba hii nimekaa tangu baba yake yuko hai, na huko wanasema theluji inafika dirishani. Lakini hataki nibaki peke yangu, na nimechoka kumsumbua Bi. Hattie. Juzi alipokuja kunitazama nilimwambia, "Si Lavell yupo? Lavell atanipeleka." Akaanza kuhesabu dawa zangu. Nikasema tena, akatoka nje ya chumba. Mmegombana? Kama mmegombana niambieni niwachape wote, bado nina mkono mmoja usio na sindano.

Naondoka mwisho wa mwezi. Njoo uniage.

Mama yako,
Odessa


Buffalo, 4 Septemba

Lavell,

Barua yako ya Julai niliipata. Sikuijibu kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo Mama angeruhusu lisemwe nyumbani kwake.

Umeuliza ufanye nini. Hakuna. Prewitt amefanya kazi yake, analipwa kuifanya, na kesho akiona faida atakuuza na wewe. Sina ugomvi naye. Nimefikiri sana ulichosema, kwamba ningekuambia. Ni kweli. Nilikosea kukunyamazia, na nimelipa. Lakini mimi nilinyamaza ili wewe upate. Wewe uliulizwa, ukiwa na mdomo wako na akili zako, na uliambiwa kwa nini nilipunguza. Kutoamini ulichagua. Hukuwa umechapwa mpaka huwezi kuuliza swali moja. Ungefungua tu simu ukaniuliza, "Ced, ni kweli?" Ningesema ni kweli. Ungeniamini, najua, maana sauti yangu unaijua. Ndiyo maana hukupiga.

Tumefika huku Jumamosi. Ndani ya ndege alishika mkono wangu njia nzima. Kabla hatujaondoka alikataa kuingia kwenye gari, akasimama kibarazani mpaka tukachelewa, akasema tungoje dakika tano zaidi, "Lavell anakuja, nimempelekea barua." Tukangoja. Bi. Hattie akalia. Mimi nikapakia mizigo. Nyumba nimeiuza kwa watu wenye watoto wadogo, kwa hiyo usipite huko.

Kliniki ya hapa ni safi, wauguzi wapole, lakini hawajui utani wake. Anakaa kimya kwenye mashine. Jana muuguzi alimwuliza ana watoto wangapi. Akasema wawili. Halafu akanigeukia akaniuliza, "Kwani Lavell alikuwa na nini siku ile, hata asije kuniaga?"

Nikamwambia ulikuwa na mazoezi. Akasema, "Maskini, wanamchosha mwanangu." Nimekusemea uongo tangu Julai, Lavell, kila siku aliponiuliza. Huo wa jana ni wa mwisho. Akiniuliza tena, namwambia.

Cedric Yancey